Vidato vya Majivu

Ng'ambo ya kilele cha Longonot, upande wa kusini wa kasoko, kuna mahali ambapo njia hukonda hadi ikabaki na upana wa mkeka wa kuswalia. Kushoto ni shimo, na chini kabisa ya shimo ni msitu ambao miti yake mirefu huonekana kama mwani uliolalia mwamba maji yakishapwa. Kulia ni ubavu wa mlima, umechongwa makorongo na mvua, unateremka moja kwa moja hadi uwandani. Chini ya soli ni majivu. Ni majivu ya volkano yaliyoshindiliwa yakawa magumu, na juu yake zimetapakaa chembe za mawe mepesi yenye vitundu, zinazoviringika kama kunde zilizomwagika sakafuni. Hapo ndipo nilipojifunza kutembea, nikiwa na umri wa miaka 42.

Nasema kujifunza kwa maana ile ile ya mtu anayejifunza ushonaji au useremala: kukaa chini ya anayejua, kukosea mbele yake, kurekebishwa, kukosea tena. Watu husema mlima ni mtihani wa nguvu, wengine husema ni mtihani wa moyo. Nguvu zina sehemu yake na moyo pia, lakini nimewaona vijana wenye mapaja ya wachezaji wa raga wakikaa kitako kwenye miteremko ya Longonot na kushuka kwa kujiburura, huku mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye chupa ya chai na blanketi mgongoni, akipita kando yao bila kuangusha kijiwe. Kilichowatenganisha ni ufundi. Na kwa kuwa ufundi huu hauachi nyuma kiti, wala kofia ya kazi, wala mlango wa nakshi ambao mtu angeupapasa na kuusifu, umekosa wa kuusemea. Ninataka kuusemea.

Longonot umo ndani ya Bonde la Ufa, kusini-mashariki mwa Ziwa Naivasha, kama kilomita 90 kwa barabara kutoka Nairobi. Ukiteremka genge kuelekea Mai Mahiu unauona umekaa peke yake uwandani, mabega yamejikunja kama shuka isiyopigwa pasi. Jina lake linatokana na Kimaasai, Oloonong'ot, mlima wenye migongo mingi mikali, na aliyelitunga jina hilo alikuwa ameutazama vizuri. Tangu mwaka 1983 ni mbuga ya taifa yenye kilomita za mraba 52, na sasa iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Ongeza na kurudi langoni upate 13.4, umbali ambao watu wengi wa kwetu huutembea kwenda mjini na kurudi bila kuona kwamba wana la kusimulia.

Lakini huo si umbali wa kupimwa kwa kilomita, na sababu ni majivu. Wanajiolojia wanaeleza kwamba kiasi cha miaka 21,000 iliyopita mlima huu ulitapika majivu mengi mno, ukadidimia, ukaacha bakuli lenye urefu wa kilomita 12 na upana wa 8. Ndani ya bakuli hilo ukaota mlima mwingine, na utosini mwake likatoboka shimo lenye kipenyo cha karibu kilomita 1.8. Ukingo wa shimo hilo ndio watu wanaouzunguka leo. Masimulizi ya Wamaasai yanakumbuka moto uliotoka humo katikati ya karne ya 19, yaani juzi tu kwa hesabu ya mawe, na hadi sasa kuna mahali kwenye kuta za kasoko ambapo asubuhi ya baridi utauona mvuke ukifuka.

Majivu hayashiki maji wala hayashiki umbo. Mvua kubwa ikinyesha, njia huwa mfereji, na msimu ukipita mfereji huwa korongo linalomfikia mtu kiunoni. Jua likiwaka, uso wake hukauka ukang'aa kama sakafu ya saruji iliyopigwa msasa, na vumbi laini hulala juu likisubiri mguu. Ukingo wenyewe haukulala sawa. Una nundu baada ya nundu, na kwenye ramani nundu ya juu kabisa, mita 2,776, imeandikwa Kilele Ngamia. Sikio langu la pwani hutamani kulitilia jina hilo kiunganishi, lakini picha yake ni sahihi: ukingo wote ni mgongo wa mnyama aliyepiga magoti, na wewe ni sisimizi unayeupanda na kuushuka mara nyingi kabla hujarudi ulikoanzia.

Nilizaliwa Mombasa. Kazi ya ualimu ikanipeleka Naivasha, na dirisha la chumba cha walimu lilitazamana na mlima. Miaka mitatu niliutazama nikisahihisha madaftari. Jumamosi moja ya Januari mimi na wenzangu wawili tukaamua kwenda. Tulifika langoni saa nne, jua limekwisha kuchachamaa, kila mmoja na lita moja ya maji na kipande cha mkate. Tulipanda kwa kasi, tukasimama pumzi ilipokatika, tukaanza tena kwa kasi. Ukingoni njia hugawanyika pande mbili, na tukashika kulia kwa kuwa tulisikia ndiko kilele kilikokaribu. Saa saba mchana tulikuwa juu, tunapigana picha, na chupa zetu zimebaki na maji ya kusukutulia tu.

Kileleni tulimkuta mama mmoja na wageni wake wawili, anawamiminia chai. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia. Akauliza kama tunarudi au tunazunguka. Tukasema tunazunguka. Akainyoosha mikono, akaichukua chupa yangu, akaitikisa karibu na sikio lake kama mtu anayesikiliza nazi kama ina maji.

"Haya ni ya kurudi," akasema. "Mbele mna kilomita tano juani, panda shuka, panda shuka, kivuli hamna. Nyuma mna mbili mpaka njia panda. Rudini, mwalimu. Mlima hauhami."

Alikuwa amewasikia wenzangu wakiniita hivyo. Niliudhika. Nilikuwa nimepanda hadi juu kabisa, na mtu nisiyemjua ananirudisha kama mtoto aliyeingia bila hodi. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hilo lilikuwa somo la kwanza, na kwamba alikuwa amenipa bure. Kwenye njia ya duara kilele hakina hadhi unayodhani. Ukipanda na kushuka kwa njia moja, kila hatua baada ya kilele ni hatua ya kurejea nyumbani, na ukichoka umekaribia. Kwenye duara kuna mahali ambapo kurudi nyuma na kwenda mbele vinalingana, na ukishapapita huna la kuchagua. Anayejua kazi hii hulijua eneo hilo kabla hajaondoka langoni, na hupima maji, jua na magoti yake kwa hilo, wala hapimi kwa kilele.

Tulirudi tulikotoka. Katika mteremko wa mwisho kabla ya uwanda mguu wangu wa kulia uliondoka bila ruhusa yangu, nikaanguka kwa kiganja na goti. Majivu yaliingia kwenye kidonda yakakaa. Kucha mbili za vidole gumba vya miguu ziligeuka nyeusi, kisha zikang'oka. Wiki tatu nilifundisha nikiwa nimevaa kandambili.

Kidonda kilipokauka nilirudi langoni kumtafuta. Nilimwambia nataka anifundishe kutembea, naye hakucheka. Alinitazama viatu kwanza. Tukakubaliana ujira, na tangu hapo, kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, nikawa napanda naye mara moja kwa mwezi, isipokuwa miezi ya mvua kubwa.

Somo la kupanda lilikuwa fupi, na nitalipitia upesi. "Tembea kama umebeba ndoo kichwani," alisema, na mtu yeyote aliyewahi kuwaona wanawake wakitoka kisimani atajua alichomaanisha: hatua fupi, kiwiliwili kimetulia, nyonga ndizo zinazofanya kazi. Mwendo uwe ule ule kwenye mwinuko mkali na kwenye tambarare, hatua ndiyo inayopungua urefu. Kipimo chake cha pumzi kilikuwa kutaja jina lako na la baba yako bila kukata. Ukishindwa, unakimbia. Mtu wa pwani anahitaji kipimo hicho kuliko wengine, kwa sababu kwenye urefu wa Longonot shinikizo la hewa halifikii hata robo tatu ya lile la ufukweni, na pafu lililozoea Mombasa hudhani limeibiwa.

Somo la kusoma ardhi lilikuwa refu zaidi. Majivu yanayong'aa ni magumu na yanateleza. Yaliyofifia, yenye rangi ya unga wa mtama, yana ulaini wa kushika kisigino. Ukiona chembe zimelala juu ya kitu kigumu, usikanyage juu yake, kanyaga pembeni, mahali mvua ilipozisukuma zikarundikana. Mfereji ukiwa na kina, usitembee ndani yake wala juu ya mdomo wake, ambao unaweza kuwa umeliwa kwa chini. Tanua miguu, mmoja ukuta huu, mwingine ukuta ule. Na mahali penye leleshwa, tafuta mizizi.

Leleshwa lazima niiseme. Ni kichaka cha majani ya kijivu-fedha kinachopenda udongo wa volkano, na Longonot kimejaa tele. Ukilisugua jani lake mkononi linatoa harufu ya kafuri. Morani wa Kimaasai hulitia kwapani kama manukato na kulitandika kama godoro. Machi 2009 moto mkubwa uliteketeza mbavu za mlima na kasoko yake, na leleshwa huchipua tena kutoka kwenye shina la chini hata juu kukiungua kote. Shina hilo ndilo rafiki wa mtembeaji. Wageni hushika tawi, na tawi linakatika au linapinda likakurusha upande usioutaka. Mama yule hakushika tawi hata siku moja. Aliinama, akashika pale mti unapotoka ardhini, kwa vidole viwili tu, kama mtu anayempima mwenzake mapigo ya moyo, akapita. Nilimuuliza kwa nini vidole viwili. Akasema kwamba ukihitaji mkono mzima, basi miguu yako imekwisha kukosea hatua tatu nyuma.

Halafu kuna kushuka. Hapa nataka kukaa, kwa sababu hapa ndipo ufundi wote ulipo, na hapa ndipo watu wanapoudharau.

Mjomba wangu alikuwa mkwezi. Alipanda minazi ya watu kule Likoni tangu ujana wake, na shina la kila mnazi alioupanda lilikuwa na vidato, yale mapengo yaliyokatwa kwa panga ili kidole cha mguu kipate pa kuingia. Utotoni nilidhani ustadi wake ulikuwa kupanda. Alipanda kwa uzuri, kweli, lakini wakwezi wenzake walimsifu kwa kushuka. Walisema hutasikia anashuka. Wanaoanguka kutoka kwenye mnazi, aliniambia siku moja akinoa panga, huanguka wakishuka, mikono imechoka kwa kukata, macho yamekwisha kufika chini kabla ya miguu. Mpanda ngazi hushuka, na watu huitumia methali hiyo kumtisha mwenye majivuno. Kwa mjomba haikuwa tisho. Ilikuwa maelezo ya kazi.

Mama wa Longonot na mjomba wangu hawakuwahi kukutana, lakini nilipomfuata kwenye mteremko wa kwanza baada ya kilele niliona vidato. Havikuwapo ardhini, alikuwa anavitengeneza. Kila hatua alitanguliza kisigino, akakipachika kwenye majivu kwa uzito mdogo, akasubiri kama nusu ya pumzi, akahamisha mwili juu yake, ndipo mguu wa nyuma ukaondoka. Magoti hayakunyooka kamwe. Kiuno kilikuwa mbele kidogo, kinyume na anachofanya kila mwoga, maana anayeogopa huegemea nyuma, na anayeegemea nyuma kwenye majivu amekwisha kukaa chini. Nyuma yake palibaki safu ya mashimo madogo, yamepangana sawasawa, na mimi niliyemfuata nilikanyaga humo humo. Ndani ya kila shimo mguu wangu ulikaa kama mguu wa mjomba ndani ya mnazi.

Kabla ya hapo alikuwa amenikalisha nikafungua kamba za viatu. Wakati wa kupanda, zilegeze juu ili kifundo kipinde. Wakati wa kushuka, zikaze pale kifundo kinapokutana na mguu, hadi kisigino kishikwe nyuma na vidole visigonge mbele. Kucha zangu mbili zingekuwa zimeokoka kwa kazi ya dakika moja. Kuna pia jambo la misuli, ambalo sikulijua hadi nilipolisoma baadaye. Ukishuka, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki: unakazwa wakati ule ule unaovutwa urefuke, na kazi ya namna hiyo huuchana nyuzi zake ndogondogo kuliko kupanda. Ndiyo maana maumivu huja kesho yake, au kesho kutwa, mtu anapojaribu kukaa kwenye kiti. Hatua fupi hupunguza mvuto huo. Mama hakuwa amesoma habari za nyuzi, lakini alijua kwamba anayeruka mteremko kwa furaha saa sita ndiye anayebebwa saa tisa.

Na kushuka hakumaliziki mara moja. Ukingo wa duara hauna upande wa kupanda na upande wa kushuka. Unateremka hatua mia, unapanda themanini, unateremka tena, na kila mara mwili unatakiwa kubadili lugha. Kwa muda mrefu nilifanya kosa moja pale chini, kati ya nundu na nundu. Nilibeba kasi ya mteremko nikaipeleka mwinukoni, nikidhani ninaokoa nguvu. Mama alikuwa anasimama pale chini. Hatua mbili tu za kusimama, mikono imelegea, kisha anaanza kupanda kama mtu aliyetoka nyumbani sasa hivi. Miezi sita ilipita kabla sijaweza kusimama bila kuhisi kwamba ninapoteza kitu.

Sehemu ile nyembamba ya kusini tuliifikia pamoja mara ya kwanza saa tano asubuhi, upepo umeanza kupanda kutoka bondeni. Upepo wa pale haupigi kwa mfululizo. Unasukuma, unaacha, na mtu aliyeegemea upepo huanguka upande ule uliokuwa ukimsukuma, pale unapoacha. Nilijua jambo hilo kutoka baharini, kwa kukaa kwenye ubao wa ngalawa, lakini sikuwa nimewahi kufikiri kwamba miguu yangu inaweza kukumbuka ngalawa juu ya mlima. Nililegeza magoti. Mama akageuka akaniona, akageuka tena mbele bila neno.

Shimo linavuta, hilo sitalificha. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alitoka Mombasa na msafara wa wapagazi wa pwani, akakata Umaasaini hadi pande za Naivasha, na njiani akapanda Longonot. Katika kitabu chake kilichotoka 1885 anaeleza jinsi alivyotazama ndani ya kasoko akashikwa na hamu ya kiwazimu ya kujitupa humo. Ninamwamini. Lakini nikiwa pale mimi huwaza zaidi wale aliotoka nao, watu wa Unguja na mrima, ambao mzigo wa mmoja wao katika misafara ya siku zile ulikuwa kama kilo 30, kichwani au begani, kutoka bahari hadi bara na kurudi. Tunawakumbuka kwa idadi, kama magunia. Miguu yao ilijua mambo ambayo hakuna shule iliyoyaandika: kushuka genge na mzigo, kuvuka mfereji bila mikono, kuigawa siku ili jioni ibaki na nguvu ya kupika. Nilidhani nimekuja bara kujifunza kitu kigeni kutoka kwa mama wa Bonde la Ufa, kumbe kazi yenyewe ilipita Mombasa na ikaondoka na wazee wetu.

Jibu la mama kuhusu shimo lilikuwa la kiufundi kama majibu yake yote. Ukitaka kulitazama, simama. Ukitaka kutembea, tazama njia, hatua tatu mbele, si zaidi na si pungufu. Mambo hayo mawili hayafanywi pamoja. Kwa hiyo tulikuwa tunasimama, mara nyingi, na tulipotazama tulitazama kwa haki: Suswa kusini, ukuta wa Mau magharibi, ziwa likiwa limetandazwa kama sinia, Nyandarua nyuma ya mawingu upande wa kaskazini-mashariki. Chini, msituni, ndege walizunguka chini ya miguu yetu, na huwa ni ajabu kuuona mgongo wa tai.

Ila kitu nilichokipenda kuliko mandhari yote ni kile ambacho njia ya duara pekee inaweza kumpa mtu. Ukiwa kusini unaiona kaskazini. Unaona ng'ambo ya shimo, kwa udogo wa punje, watu wanaofika ukingoni sasa hivi, wanasimama njia panda, wananyoosha mikono kubishana kulia au kushoto. Siku ya utulivu hata sauti hufika, imechelewa kidogo. Hao ni wewe wa saa mbili zilizopita. Na kwenye nundu iliyo mbele, mwingine aliyeshika njia ya kushoto anakuja kukutana nawe, vumbi limempaka hadi magotini, anakuonyesha kwa mwendo wake jinsi ardhi unayoiendea ilivyo. Mama alikuwa akiwasoma watu wa mbali hivyo. Alimwona mtu kilomita moja mbele anatembea kwa kutanua mikono, akasema pale pameharibika, mvua ya juzi imekula njia, tutapita ndani. Tulipofika palikuwa pameharibika, tukapita ndani.

Siku hizi Longonot una watu wengi mwishoni mwa wiki, vikundi vya vijana kutoka Nairobi, wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi, na hilo linanifurahisha kwa dhati. Mlima usiokanyagwa hauna walimu. Kinachoniuma ni njia za mkato. Mtu anaona kona, anaona njia iliyopinda, anakata moja kwa moja kushuka, na kumi wanamfuata. Mvua ya kwanza hukuta mstari ule umekwatuliwa leleshwa, ikaingia, na mwaka haupiti kabla pale pote hapajawa korongo ambalo haliwezi kujazwa tena. Mkato mmoja huokoa hatua thelathini. Nilimwona mama mara mbili akiwaita vijana wageni kabisa kwake, kwa upole, "Wanangu, hebu rudini hapa mpite huku," na mara zote mbili walirudi. Kupanda tena mteremko uliokwisha kuushuka, kwa sababu tu uliushuka vibaya, ni jambo zito kumwomba mtu, na alijua namna ya kuliomba. Hilo nalo nililihesabu kuwa sehemu ya kazi yake, na ndiyo sehemu ambayo bado sijaiweza.

Mara ya mwisho tulipozunguka pamoja ilikuwa mwezi uliopita. Tuliingia saa moja asubuhi, tukawa ukingoni saa mbili u robo, tukapita kilele bila kukaa. Kwenye wembamba wa kusini alisimama akaniambia nitangulie. Hakueleza. Nikatangulia, nikatengeneza mashimo, nikasikia nyuma yangu viatu vyake vikiingia humo kimoja baada ya kingine, hadi njia ilipopanuka. Nilikuwa nasubiri asikike amekanyaga pengine, pembeni ya hatua yangu, kama fundi anayeupita mshono mbovu wa mwanafunzi. Mara mbili nilisikia. Nazikumbuka zote mbili zilipo.

Tulifika langoni saa sita na kitu. Kuna jiwe pale, ndani ya lango, ambalo yeye hulikalia kila mara kabla ya kutoka. Alivua viatu, akavigonganisha visigino, akavipindua. Majivu kidogo yakamwagika kwenye nyasi, kiasi cha chumvi ya kutia mchuzini. Nami nikavua vyangu. Anayeburura mguu huchota, na anayeupachika hachoti, kwa hiyo viatu havisemi uongo. Yangu yalifanya kichuguu kidogo, cha ukubwa wa nusu ya limau.

Aliyatazama mafungu yote mawili kwa muda.

"Siku ile ya kwanza yalijaa kiganja," akasema.

Akavaa viatu, akafunga kamba, akajitwika begi lake la chai, akatoka kwenda kusubiri matatu barabarani.